Half-Life ya Dreamcast: gemu iliyotengenezwa ikaisha, isiuzwe

"Habari za kazi mtaalamu. Nina kibanda cha gemu hapa Nyakato, Mwanza, nina PS2 nne na PS3 mbili. Mjomba wangu karudi kutoka Marekani na Dreamcast yake ya zamani, akanipa. Sijaiwasha bado maana plagi yake ni ile ya bapa mbili. Sasa kuna jamaa pale Mlango Mmoja kanionyesha diski ya Half-Life ya Dreamcast, kava lake zuri, lina yule mtu wa miwani. Anasema ni orijino, zilitoka chache kampuni ikazirudisha, ndiyo maana anataka laki mbili na nusu. Mtu mwingine anasema gemu hiyo haijawahi kutoka kabisa. Tena nasikia ilikuwa imeshamalizika kutengenezwa. Kama ilimalizika, waliifutia nini? Ilikuwa mbovu? Ninunue? Itacheza? Na kwa kuwa kampuni ilishaiacha, nikiwa nayo naweza kuchoma kopi nikawauzia wenzangu wa vibanda bila tatizo?"

Ndugu yangu wa Nyakato, hiyo laki mbili na nusu kaa nayo. Lakini kabla hatujaifikia diski, kuna jambo hukuniuliza nalo ndilo la kwanza: hiyo Dreamcast ya mjomba, yaani konsoli ya gemu ya kampuni ya Sega, usiichomeke ukutani.

Mashine iliyouzwa Marekani imetengenezwa kwa umeme wa volti 120. Huu wetu ni wa 230. Igeuze, usome lebo iliyo chini. Ukiona 120V na neno NTSC, yaani mfumo wa picha wa TV za Marekani, basi ndiyo yenyewe. Plagi ya bapa mbili imekuokoa mpaka leo, ila hatari iko upande wa pili wa waya. Waya wa Dreamcast unachomoka kwenye mashine, na tundu lake ni lile lile lenye umbo la namba nane ambalo utalikuta kwenye redio na deki nyingi hapa mjini. Mtu anaona plagi ya Marekani haiingii ukutani, anachukua waya wa redio, unaingia vizuri kabisa kama umetengenezewa hapo, anawasha, anasikia "pa!" na harufu. Pawa saplai imekwenda, na spea zake huzipati Makoroboi wala mtaa wa Rufiji.

Dawa yake ni transfoma ya kushusha umeme, 220 kwenda 110, ile nzito yenye chuma ndani. Dreamcast haili umeme mwingi. Transfoma ya wati 100 inatosha na inabaki. Usinunue vile vidude vyepesi vya wasafiri, maana vingi vimeundwa kwa ajili ya pasi na vikausha nywele, na umeme vinaoutoa haufai kwa mashine ya namna hii. Na kwa jinsi umeme wetu unavyokatika na kurudi kwa kishindo, weka kinga ya umeme mbele ya hiyo transfoma kama unavyofanya kwenye friji.

Haya, diski sasa.

Aliyekwambia haijawahi kutoka ndiye mkweli. Half-Life ya Dreamcast haikuuzwa dukani popote, si Marekani, si Japani, si Ulaya. Ilitangazwa mwaka 2000, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na katikati ya Juni 2001 kampuni ya Sierra iliyokuwa iitoe ikatamka kwamba imeifuta kwa sababu soko limebadilika. Hakukuwa na toleo dogo lililoingia sokoni kisha likarudishwa. Kilichotokea ni kwamba nakala ya kazi ilipokuwa karibu kabisa kwisha ilivuja, ikasambaa kwenye intaneti, na tangu hapo yeyote mwenye kompyuta na CD tupu anaweza kujichomea ya kwake. Kava lile zuri linatokana na picha za matangazo za wakati huo. Ukiwa na printa ya rangi na karatasi ya kung'aa unalitoa pale pale stesheneri.

Simwiti huyo jamaa tapeli. Inawezekana kabisa naye aliuziwa hadithi pamoja na diski, na anakusimulia kama alivyosimuliwa. Lakini bei haibadiliki kwa sababu muuzaji ana imani.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe bila kubishana naye. Mwombe uishike diski, uigeuze upande unaosomwa. Diski halisi za Dreamcast si CD za kawaida. Zinaitwa GD-ROM, zinabeba takriban gigabaiti moja, na upande wa chini zina maeneo mawili unayoyaona kwa macho: duara dogo karibu na tundu la katikati na eneo pana la nje, na kati yao mstari wa mviringo wenye maandishi madogo ya idhini ya Sega. Ukikuta chini pana rangi moja tu ya kijani, bluu au zambarau, mfululizo kutoka ndani hadi nje, hiyo ni CD ya kuchoma. Kipimo kingine ni cha redio: diski halisi ukiiweka kwenye deki ya CD za muziki, lile duara la ndani lina sauti ya kukuonya kwamba hii ni ya Dreamcast. Na ile inayojiita Half-Life, hata kama ingepita vipimo vyote hivi viwili, bado isingekuwa ya dukani, kwa kuwa hakuna ya dukani.

Sasa swali lako zuri kuliko yote, ambalo naona wengi wanalipita: gemu ikimalizika, inafutiwa nini?

Half-Life ilitoka kwa ajili ya kompyuta Novemba 1998, kazi ya kampuni ya Valve, na ilibadilisha namna watu wanavyotengeneza gemu za kupiga risasi. Wakati huo gemu nyingi zenye hadithi zilikukatisha ili zikuonyeshe filamu fupi. Half-Life ilikuacha ndani ya macho ya Gordon Freeman, yule mtu wa miwani, mwanzo hadi mwisho, dunia ikiendelea mbele yako bila kukuomba ukae pembeni. Ilipopendwa vile, Sierra ikataka kuifikisha sebuleni. Dreamcast ilikuwa imeanza kuuzwa Marekani Septemba 1999 na ilikuwa mashine kali kwa wakati wake. Studio ya Captivation ikapewa kazi ya kuihamisha gemu, na Gearbox ikatengeneza sura mpya ya ziada ya kunogesha, Blue Shift, ambamo unacheza kama yule mlinzi, Barney Calhoun. Hiyo ilikuwa chambo: mwenye Dreamcast angepata kitu ambacho mwenye kompyuta hana.

Kuhamisha gemu kutoka kompyuta kwenda konsoli si kunakili faili. Half-Life ilidai kompyuta yenye angalau megabaiti 24 za kumbukumbu, na nyuma yake palikuwa na diski kuu (hard disk) ya kumwagia kinachozidi. Dreamcast ina megabaiti 16 za kazi, 8 za picha na 2 za sauti. Ukijumlisha unapata 26, unasema mbona zinatosha. Ila sehemu hizo hazikopeshani, na hakuna diski kuu ya kumwagia chochote. Kila kipya kinasomwa upya kutoka kwenye GD-ROM, ambayo ni ya polepole. Ndiyo maana waliocheza ile nakala iliyovuja wanalalamika kwamba ukivuka kutoka sehemu moja ya jengo kwenda nyingine unasubiri, na kwamba maadui wakiwa wengi picha inaanza kukokota miguu.

Halafu kuna kusevu, na hapa ndipo napaona pagumu kuliko penginepo. Half-Life inakumbuka kila kitu: sanduku ulilolivunja libaki limevunjika, mlango ulioacha wazi ubaki wazi, maiti ya askari ilale pale pale ulipomwangushia, hata ukirudi kutoka chumba cha tatu. Kwenye kompyuta, kusevu mara moja kunaweza kula mamia ya kilobaiti na hakuna anayejali. Kadi ya Dreamcast, ile ya VMU yenye kioo kidogo, ina kilobaiti 128 kwa jumla, na unazoweza kutumia wewe ni bloku 200, yaani kama kilobaiti 100 tu. Kadi nzima, gemu zote. Wahandisi walitakiwa kuikamua dunia ile hadi iingie humo, na katika nakala iliyovuja bado sevu zinavimba kadiri unavyoendelea hadi kadi inajaa.

Kwa hiyo ilikuwa na kasoro, ndiyo. Mbovu? Hapana. Inachezeka mwanzo hadi mwisho, na kwenye televisheni ya wakati ule ingependeza. Kasoro hizi ziliichelewesha, na kuchelewa ndiko kulikoiua.

Tazama kalenda. PlayStation 2 inaingia Marekani Oktoba 2000. Tarehe 31 Januari 2001 Sega inatangaza kwamba inaacha kutengeneza Dreamcast, mwisho wa Machi ndiyo basi. Sierra bado ina gemu ambayo haijaisha vizuri kwa ajili ya mashine ambayo haitengenezwi tena. Tarehe 12 Juni 2001 Blue Shift, ile chambo, inauzwa kwa watu wa kompyuta. Siku chache baadaye toleo la Dreamcast linafutwa. Novemba mwaka huo huo Half-Life inatoka kwenye PS2.

Nafahamu inavyouma kusikia kazi ya watu ya muda mrefu imetupwa kabatini. Lakini fedha zilizokwisha kutumika hazirudi kwa kuendelea kutumia nyingine, na gemu ya konsoli ina gharama kubwa inayoanza baada ya kazi ya studio kwisha. Lazima Sega wenyewe waikague na kuikubali. Diski za GD-ROM huagizi popote utakapo. Zinatengenezwa kwa idhini ya Sega, na mtoa gemu analipa kwa kila diski hata kabla haijauzwa. Kuna maboksi, vitabu, usafirishaji, matangazo, na maduka yanayodai kurudisha kisichouzika. Mtu amechonga mtumbwi mwaloni Kirumba, umekamilika hadi rangi, kisha anasikia wavuvi wote wamehamia mwalo mwingine. Bado hajanunua nyavu, injini wala mafuta. Mbao zimeshaliwa. Swali lililobaki ni kama aongeze hela nyingine juu ya hizo. Sierra walijibu hapana, na nikiangalia maduka ya Marekani yalivyokuwa yakiuza Dreamcast kwa bei ya kutupa mwaka ule, siwezi kusema walikosea hesabu. Niseme tu kwamba hesabu sahihi inaweza kuacha kitu kizuri kizame.

Wala si hii peke yake. Star Fox 2 ya Super Nintendo ilitengenezwa ikaisha katikati ya miaka ya 1990, Nintendo wakaifungia kabatini kwa kuwa mashine mpya zilikuwa zinakuja, na wakaitoa wenyewe mwaka 2017 ndani ya ile Super Nintendo ndogo. Resident Evil ya Game Boy Color ilifutwa mwaka 2000 kwa sababu Capcom hawakuridhika na ubora wake. Huo ulikuwa mzigo usiobebeka kwa mashine ndogo vile. GoldenEye 007 iliyokuwa ikitiwa rangi upya kwa Xbox 360 ilikwama kwenye makaratasi, maana haki zake ziko mikononi mwa watu wengi na mmoja akikataa basi. Nayo ikavuja mwaka 2021. Unaona kwamba kufutwa hakukuambii kitu kuhusu uzuri wa gemu mpaka ujue imefutwa na nini. Mara soko, mara ubora, mara saini ya mtu mmoja.

Nije kwenye hilo la kuchoma kopi na kuuza, na hapa nitakuwa mkali kidogo maana wewe una biashara yenye mlango na jina.

Kampuni kuacha kutoa toleo moja si kuacha haki. Half-Life ina mwenyewe, Valve, na bado anaiuza leo hii. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda kitabu au muziki, na muda wa ulinzi unahesabiwa kwa miongo: kwa kawaida maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Gemu ya mwaka 1998 bado ina miaka mingi ya ulinzi. Haisemi popote kwamba kitu kisichouzwa kwenye konsoli fulani ni mali ya atakayekiokota. Kuchoma kopi na kuwauzia wenye vibanda ni biashara ya nakala zisizo halali, na ofisi inayoshughulika na hayo ni COSOTA. Najua utaniambia kwamba diski za kuchoma zimejaa mjini, na kwamba hata hizo PS2 zako nne huenda zimechipiwa, yaani zimewekewa chipu ya kusoma kopi. Sijaja kukukagua. Ila tofauti ya mtu anayecheza kopi nyumbani kwake na mtu anayezalisha kopi za kuuza ni kubwa, na wewe unauliza kuhusu hiyo ya pili. Usifanye.

Kuhusu kucheza: diski hiyo inaweza kuwaka. Dreamcast ilikuwa na mlango ambao Sega wenyewe waliuacha wazi. Walitaka mashine isome CD maalumu za muziki zenye picha, aina iliyoitwa MIL-CD, na kupitia mlango huo watu wakagundua kuanzia mwaka 2000 kwamba CD ya kawaida ya kuchoma inaweza kuiwasha gemu bila mashine kuguswa wala kuchipiwa. Sega walipostuka waliuziba kwenye mashine za mwisho mwisho. Chini ya Dreamcast yako, kwenye ile lebo, utaona namba ndani ya duara: 0, 1 au 2. Zenye 0 na 1 zinasoma CD za kuchoma. Zenye 2 nyingi zinakataa.

Lakini kusoma si bure. Lenzi ya Dreamcast ni ya zamani kuliko baadhi ya wateja wako, na CD za kuchoma zinaisumbua zaidi kuliko diski halisi. Kichwa kinahangaika mbele na nyuma, unasikia mkwaruzo wa meno. Kwa mashine ya nyumbani inayowashwa Jumapili, si neno. Kwa mashine ya kibanda inayokimbia kutwa nzima kwa mia tano mia tano, utaimaliza mapema. Na Half-Life, niseme ukweli, haifai kibanda chako hata ingekuwa halali na bure. Ni gemu ya mtu mmoja, ya saa nyingi, ya kutembea na kufikiri. Mteja wako wa Nyakato anataka kumfunga mwenzake bao ndani ya dakika kumi kisha amwachie pedi anayefuata.

Basi ufanye nini?

Kama wewe mwenyewe unataka kuijua Half-Life, inunue ya kompyuta kwenye Steam, duka la gemu la Valve la mtandaoni. Bei yake ya kawaida ni dola 9.99 na hupunguzwa mara kwa mara; Novemba 2023, ilipotimiza miaka 25, Valve waliiongezea mambo na hata wakaitoa bure kwa siku kadhaa. Kulipia unatumia kadi ya benki au ile kadi pepe ya kwenye pesa za simu. Haihitaji kompyuta ya maana: laptopu iliyotumika, ile ya kuandikia barua ofisini, inaibeba bila kutoa jasho. Blue Shift nayo inauzwa pale pale kivyake, kwa hiyo kile ambacho wenye Dreamcast waliahidiwa wakanyimwa, wewe unakipata. Ukiwa na faili zako ulizonunua, kuna hata programu ya bure iitwayo Xash3D inayoichezesha kwenye simu ya Android. Vidole vitakuuma, lakini inakwenda.

Kama unataka Half-Life ya kibanda, jibu liko kwenye mashine ambazo tayari unazo. Toleo la PS2 lilitoka kihalali, na ndani yake kuna Decay, sehemu iliyotengenezwa mahususi kwa wachezaji wawili, kioo kikigawanywa, mmoja akimlinda mwenzake. Nilipoiona kwa mara ya kwanza nilijiuliza kwa nini haizungumzwi zaidi. Tafuta diski halisi iliyotumika, na uangalie ni ya eneo gani, kwa kuwa diski ya Marekani haitakubali kwenye PS2 ya Ulaya ambayo haijaguswa. Kuipata Mwanza kutahitaji subira. Waulize na vijana wanaoleta mizigo kutoka Dar na Dubai. Bei sikutajii kwani inategemea anayeuza anajua ameshika nini.

Na Dreamcast ya mjomba usiione mzigo kwa sababu Half-Life haikuifikia. Ina matundu manne ya pedi mbele, jambo ambalo PS2 zako hazina. Soulcalibur ya mwaka 1999 bado inapendeza machoni kuliko gemu nyingi zilizoifuata. Kwa kupiga risasi, Quake III Arena na Unreal Tournament zote zilitoka rasmi kwenye Dreamcast, watu wanne kwenye kioo kimoja, na zote ni za raundi fupi. Diski mbili au tatu halisi zilizotumika zitakugharimu chini ya anachokitaka yule jamaa, na zitawekea kibanda chako kitu ambacho jirani hana. Muulize mjomba kwanza. Mtu aliyetunza mashine miaka yote hiyo mara nyingi ana diski zake kwenye boksi fulani chini ya kitanda.

Ukishapata transfoma, jiandae kwa mambo ambayo yatakutisha bure. Ukiwasha itapiga kelele ndefu ya "piiip": hiyo ni kadi ya VMU, betri zake mbili za CR2032 zimekwisha, haijaharibika na bado inasevu. Itakuuliza tarehe na saa kila unapoiwasha: betri ya ndani imechoka kwa uzee. Hiyo ya ndani ni ya aina ya ML2032, inayochajiwa na mashine yenyewe, nayo imelehemewa. Asije fundi akakuwekea CR2032 mahali pake kwa kuwa zinafanana umbo. CR haitakiwi kuchajiwa, inaweza kuvimba au kupasuka. Bora ubaki unaandika tarehe. Na picha ikitokea nyeusi na nyeupe kwenye TV ya chogo, TV hiyo haiuelewi mfumo wa rangi wa Marekani. Jaribu flati, nyingi zinapokea mifumo yote.

Kuna mengine hayasubiri na si ya kujaribu mwenyewe. Ukisikia harufu ya kuungua, mlio wa "zzz" unaobadilika, au moshi hata kidogo, chomoa ukutani na uiache. Usifungue mfuniko. Kwenye Dreamcast pawa saplai iko wazi mara tu unapoinua ganda la juu, na kapasita yake kubwa inaweza kubaki na chaji kali hata baada ya kuchomoa waya. Mashine ikijizima na kujiwasha katikati ya mchezo, mara nyingi ni zile pini zinazounganisha pawa saplai na ubao mkuu zimeshika kutu. Ni kazi ndogo ya kusafisha kwa mtu anayejua, na hewa yetu ya ziwani haizisaidii. Diski ikizunguka kisha ikakurudisha kwenye menyu, lenzi inahitaji kusafishwa au kurekebishwa kidogo sana. Ukiona fundi anaanza kwa kuizungusha skrubu ya lenzi kabla hajaipangusa, mwambie aishie hapo. Lenzi ikifa kabisa, kuna kifaa kiitwacho GDEMU kinachochukua nafasi ya sehemu ya diski na kusoma kutoka kwenye memori kadi. Kinaagizwa nje, kinahitaji uwe na nakala za gemu ulizonunua, na kwa mashine ya kibanda ndicho kitakachodumu.

Kwa hiyo nenda kwa fundi wa televisheni au konsoli aliye na mita na uzoefu wa pawa saplai, kabla ya kuiwasha hata mara moja. Beba mashine, waya wake, pedi moja na hiyo transfoma, umwombe apime inachotoa transfoma kwanza, ndipo aunganishe. Mwambie wazi ni ya volti 120, kisha simama hapo hapo mpaka amalize kupima.